Kufundisha Ubadilishaji wa Beringi za Konrodi: Somo Lililofanyika Miburani, Mafia

UTANGULIZI

Somo la kubadilisha beringi za konrodi huwasumbua walimu wengi wa ufundi wa magari, wala si kwa sababu kazi yenyewe yahitaji nguvu au vyombo vya ajabu. Kijana mwenye mikono mizuri huweza kufungua sampu, kutoa kofia za konrodi, kutia beringi mpya na kufunga tena kwa siku moja. Taabu ni kwamba akishamaliza, beringi iliyofungwa vizuri na ile iliyofungwa vibaya hufanana kabisa kwa macho, na injini zote mbili huweza kunguruma vizuri siku ya kwanza. Tofauti yao hutokea baadaye, na mara nyingi hutokea mahali ambapo fundi hayupo.

Makala haya yaeleza jinsi nilivyolifundisha somo hili kwa vijana kumi na wawili huko Miburani, kisiwani Mafia, pamoja na kosa moja nililolifanya mbele yao na jinsi lilivyotusaidia. Shabaha yangu ni kuwashawishi walimu wenzangu wageuze mpangilio uliozoeleka. Kwa kawaida tunaanza na beringi mpya, tukafundisha namna ya kuifunga, kisha mwishoni tukataja kwa ufupi sababu za kuharibika kwake. Mimi napendekeza tuanze na beringi iliyokufa, na mwanafunzi asiruhusiwe kuishika mpya mpaka ameeleza kwa nini ile ya zamani ilikufa.

KWA NINI GARI LA MBIO?

Mfano niliouchagua ulikuwa gari liendeshwalo katika viwanja vya mbio. Msomaji aweza kuuliza mfano huo una faida gani kwa kijana wa Mafia, ambako hakuna kiwanja cha namna hiyo, na ambako injini nyingi atakazozitengeneza ni za bajaji, za malori madogo na za vyombo vya bahari. Jibu ni kwamba kiwanja cha mbio huonyesha kwa saa moja udhaifu ambao barabara ya kawaida huuficha kwa miaka. Isitoshe, mbio za magari si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla hajawa dereva mashuhuri, aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Vijana wa Miburani walipendezwa sana kusikia kwamba bingwa huyo alikuwa mtu wa spana.

Beringi ya konrodi katika gari la mbio hupata mateso ya namna tatu. La kwanza ni mwendo. Nguvu inayoivuta konrodi kila pistoni inapogeuka huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Injini ikitoka mizunguko 3,000 kwa dakika ikafika 6,000, nguvu hiyo haiwi mara mbili, bali mara nne. Ikifika 7,500, huwa zaidi ya mara sita. La pili ni kona. Gari likikata kona kwa kasi, oili iliyomo ndani ya sampu hukimbilia upande mmoja, na mdomo wa pampu waweza kubaki ukivuta hewa. La tatu ni joto, ambalo huifanya oili iwe nyepesi kuliko inavyotakiwa.

Ndiyo maana wenye magari hayo hawangojei kugonga. Kwa mfano, miongoni mwa wenye BMW M3 ya injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 4, ambayo huzunguka hadi kiasi cha mara 8,300 kwa dakika, wako wengi wanaobadilisha beringi za konrodi wakati gari bado linaenda vizuri, kwa kuwa beringi ikishagonga, kirenki nacho mara nyingi kimekwisha kujeruhiwa.

KUTOKA LINALOJULIKANA HADI LISILOJULIKANA

Kanuni hii ya ualimu sote twaijua. Kwa kuwa beringi ya konrodi ni vipande viwili vya nusu duara, nilianza kwa vifuu. Nilipasua nazi, nikaviunganisha vifuu viwili juu ya mpini wa jembe, na mara moja kila mwanafunzi akaelewa umbo. Kisha nikaeleza kwamba mgongo wa kifuu hiki cha injini ni chuma, na tumbo lake limepakwa madini laini, kama vile shaba iliyochanganywa na risasi, au aluminiamu iliyochanganywa na bati. Ulaini huo umekusudiwa: ni afadhali beringi ya bei ndogo iumie kuliko kirenki cha bei kubwa.

Jambo gumu zaidi ni kueleza kwamba, injini ikizunguka, beringi na shingo ya kirenki havigusani. Baina yao pana utando wa oili, mwembamba mno, na shingo huelea juu yake. Hapo nilitumia maji ya bahari. Niliwauliza vijana, "Mashua hupitaje juu ya mwamba?" Wakajibu kwamba maji yakijaa mashua hupita bila habari, na maji yakipwa mkuku hugonga. Nikawaambia kwamba oili ndiyo maji, shingo ya kirenki ndiyo mashua, na beringi ndiyo mwamba. Kuanzia hapo darasa zima likawa linasema "maji yamepwa" kila tulipozungumzia upungufu wa oili, nami sikuwakataza.

KOSA LA MWALIMU

Ili kuonyesha jinsi oili inavyokimbia katika kona, nilitia oili ya kupikia katika chupa nyeupe hadi nusu, nikatumbukiza mrija ufike karibu na chini kuwa ndio mdomo wa pampu, nikaifunga chupa ile imara kwenye baiskeli. Nilimwambia kijana mmoja aendeshe kwa kasi na kukata kona, na wenzake watazame. Akakata kona mara tatu. Oili haikupanda upande wowote.

Nilikuwa karibu kulihamisha somo kwenye ubao, mtoro wa walimu wengi, kijana mmoja aliponyosha mkono. "Mwalimu, baiskeli inalala kwenye kona, na chupa inalala nayo. Oili haina sababu ya kukimbia." Alikuwa amesema kweli tupu. Mpanda baiskeli huinama kiasi kile kile ambacho oili ingepanda, hivyo oili hubaki sawa ndani ya chupa. Gari halilali hivyo. Nikamwuliza, "Basi tutumie nini?" Akasema, "Bajaji."

Tulipata bajaji, na jaribio likafaulu. Katika kila kona oili ilipanda ubavu wa chupa, na dereva aliposhika breki ghafla ilikimbilia mbele hata mrija ukabaki wazi. Nikawaeleza kwamba gari la mbio lenye matairi mazuri huweza kukata kona kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake lenyewe, na hapo oili husimama mteremko wa nyuzi 45. Kwa ajili hiyo sampu za magari hayo hutiwa vizuizi vya bati ndani yake, na mengine huwekewa tangi la oili nje ya injini.

Namsimulia msomaji kosa hili kwa sababu lilifanya kazi ambayo ufaulu usingeifanya. Wanafunzi walimwona mwalimu wao akikosea, akauliza, akasahihishwa. Na tabia hiyo ndiyo niliyotaka waipeleke kwenye injini.

BERINGI ZILIZOKUWA KATIKA KOPO

Baada ya jaribio la bajaji, kijana ambaye baba yake ni nahodha aliniambia kwamba mashua yao ilibadilishwa beringi za konrodi mara mbili katika msimu mmoja wa kusi. Mara ya pili injini ilikaza wakiwa kati ya Mafia na bara, wakiwa na watu na mizigo. Walitia nanga, wakakesha wakikumba maji, mpaka asubuhi chombo kingine kilipowavuta. Hakuna aliyepotea. Lakini tangu siku hiyo mama yake hapati usingizi mashua ikiwa baharini.

"Labda mashua ililala upande mmoja kwa mzigo, kama oili katika chupa," alisema. Mimi pia niliona dhana hiyo ni nzuri. Ila nilimwuliza kama zile beringi za zamani zipo. Zilikuwapo: baba yake alizitia katika kopo. Siku ya pili alizileta, nasi tukazimwaga juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe.

Hapo ndipo nilipowafundisha kuzisoma. Yafaa mwalimu awe na dalili zifuatazo katika ubao, nazo wanafunzi wazinakili:

1. Mikwaruzo ya duara yenye chembe zilizojichimbia: uchafu au mchanga umeingia katika oili.

2. Tumbo lililopakazika na kung'aa, au kugeuka jeusi kwa joto: oili haikufika.

3. Vishimo vidogo vyenye rangi ya giza: oili imechakaa ikawa na asidi, au imeingiwa na maji.

4. Nyufa na magamba kama tope lililokauka: madini yamechoka kwa mzigo mkubwa.

5. Kulika ukingo mmoja juu na ukingo wa pili chini: konrodi imepinda.

6. Doa moja linalong'aa tumboni, na alama iliyolingana nalo mgongoni: beringi ilifungwa juu ya takataka.

Pia hapana budi kutazama ni nusu ipi iliyoumia zaidi. Nusu ya juu, iliyomo katika konrodi, hubeba msukumo wa mlipuko; injini ya dizeli yenye kazi nzito huiumiza hiyo. Nusu ya chini, iliyomo katika kofia, ndiyo inayoivuta pistoni irudi inapofika juu mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi. Katika injini ya mbio yenye mizunguko mingi nusu hiyo nayo hupata taabu kubwa.

Beringi za mashua zilikuwa zimepakazika na kuwa nyeusi, za juu zaidi kuliko za chini, wala hazikuwa na mchanga. Wanafunzi wakakata shauri: maji yamepwa. Lakini yamepwa kwa nini? Walitaka kumaliza kwa kusema mzigo uliinamisha chombo. Niliwakumbusha baiskeli: dhana nzuri si ushahidi. Tukaenda kwa nahodha, tukaomba kuona sampu na pampu ya oili. Chujio la mdomo wa pampu lilikuwa limezibwa na vipande vya silikoni, ile gundi inayopakwa badala ya gasketi. Ilipakwa nyingi mno, ikaminyika kwa ndani, ikakatika, ikavutwa na pampu. Mara ya kwanza beringi zilikufa kwa sababu hiyo. Mara ya pili zilitiwa beringi mpya, na chujio likaachwa kama lilivyokuwa.

Fundi aliyefanya kazi ile hatukumtaja darasani wala hatukumcheka. Alifunga beringi kama alivyofundishwa. Hakufundishwa kuuliza.

HATUA ZA KAZI

Baada ya hayo ndipo tulipoingia kwenye injini yetu ya mazoezi, injini ya petroli ya silinda nne iliyotoka katika gari dogo kuukuu. Hatua nilizozifuata ni hizi.

Kwanza, usalama na usafi. Ikiwa injini ingali ndani ya gari, betri itenganishwe, na gari lisimamishwe juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Oili imwagwe katika chombo safi, ikaguliwe kama ina vumbi la shaba au la fedha, au kama imekuwa nyeupe kama maziwa, ambayo ni dalili ya maji. Filta ipasuliwe na karatasi yake ikunjuliwe.

Pili, kufungua. Sampu itolewe na chujio la pampu likaguliwe kabla ya jambo lingine lolote. Kirenki kizungushwe mpaka konrodi inayohusika ifike chini. Konrodi na kofia yake vitiwe alama, maana kila kofia ni ya konrodi yake, na upande wake ni ule ule. Ikiwa bolti zimetokeza, zivikwe vipande vya mpira zisikwaruze shingo ya kirenki. Beringi zilizotolewa zipangwe kwa namba, ya juu na ya chini, kama tulivyozipanga zile za kopo.

Tatu, kupima. Shingo ya kirenki ipimwe kwa maikromita katika sehemu mbili za urefu wake, na kila sehemu ipimwe pande mbili zinazokatana. Vipimo vikitofautiana kupita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini, shingo imekuwa yai au imekuwa pia, na beringi mpya haitaiponya. Ukucha ukikwama katika mkwaruzo, vivyo hivyo. Kirenki cha namna hiyo husagwa, kisha hutiwa beringi za unene uliozidi, kwa mfano zile za shingo iliyopunguzwa 0.25 mm au 0.50 mm.

Nne, kufunga kwa majaribio. Makao ya beringi yasafishwe mpaka yakauke. Mgongo wa beringi usipakwe oili. Ulimi wa beringi uingie katika mfuo wake. Kipande cha uzi wa plastiki wa kupimia kilazwe juu ya shingo iliyo kavu, kofia ifungwe kwa toki renchi hadi kipimo cha kitabu, wala kirenki kisizungushwe. Kofia ikitolewa, upana wa uzi uliobanwa hulinganishwa na kipimo chake: ukiwa mpana, nafasi ni ndogo, ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba nafasi hukaribia sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha shingo, yaani kiasi cha 0.048 mm kwa shingo ya milimita 48. Hata hivyo neno la mwisho ni la kitabu cha injini. Watengenezaji wa magari ya mbio huongeza nafasi kidogo, wakatumia oili nzito zaidi. Fundi wa kawaida asiwaige bila sababu.

Tano, kufunga kwa mwisho. Uzi ufutwe, matumbo ya beringi yapakwe oili, nati zikazwe kwa awamu. Bolti za aina inayovutika zinapokazwa zisitumiwe tena. Kila kofia ikishafungwa, kirenki kizungushwe kwa mkono; kikikaza, ile ya mwisho ndiyo yenye kosa. Silikoni, ikiwa lazima itumike, ipakwe uzi mwembamba. Kisha filta mpya, oili mpya, na injini izungushwe kwa stata bila kuwaka mpaka geji ionyeshe oili imepanda. Ndipo iwashwe, iachwe taratibu, wala isikimbizwe.

TATHMINI

Siku ya jaribio niliwapa wanafunzi injini yenye shingo moja ambayo nilijua imekuwa yai kupita kiasi, na beringi mpya nzuri, nikawapa muda wa vipindi vitatu. Vijana wanane walifunga beringi vizuri, wakakaza kwa kipimo, wakaniita. Wanne hawakufunga. Waliandika vipimo vya shingo, wakaandika chini yake: "Kirenki hiki kipelekwe kusagwa. Hatukufunga." Hao wanne ndio waliopata alama kamili.

Kulikuwa na manung'uniko, na yalikuwa ya haki kiasi, kwa sababu mtihani umezoeleka kuwa ni kumaliza kazi. Niliwaeleza kwamba karakana itawatia katika jaribu hili hili kila wiki. Mwenye chombo atasimama mlangoni akitaka kuondoka na maji ya asubuhi. Kirenki cha mashua ya nahodha wetu ilibidi kivushwe hadi Dar es Salaam, na kungojea huko ni siku na fedha. Fundi atakayesema "bado" atalaumiwa; fundi atakayesema "tayari" atasifiwa mpaka chombo kifike katikati ya mkondo. Kwa hiyo ujasiri wa kutofunga nao ni sehemu ya ufundi, na kama hatuutolei alama tusitegemee kuuona.

HITIMISHO

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba elimu iungane na kazi. Kuundwa kwa VETA kwa sheria ya mwaka 1994, na mkondo wa amali katika Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, vimeongeza nafasi ya ufundi katika masomo ya vijana. Nafasi hiyo itajazwa vizuri ikiwa mwalimu atafundisha mkono na swali pamoja.

Kwa mwalimu atakayejaribu somo hili napendekeza mambo matatu. Aanze kukusanya beringi zilizokufa kutoka karakana za jirani, na kila moja aandike ilitoka katika injini gani na ilifanya kazi gani. Hazigharimu kitu, nazo ni zana bora kuliko picha. Atafute mfano wa gari la mbio ili wanafunzi waone mateso ya beringi yakiwa makubwa, kisha awarudishe kwenye injini za kwao. Na katika jaribio aweke angalau kazi moja ambayo jibu lake sahihi ni kutoifanya.

Kuhusu yule nahodha, kirenki kilirudi kutoka Dar es Salaam kikiwa kimesagwa 0.25 mm. Mwanawe ndiye aliyelisafisha chujio la pampu kwa mswaki na dizeli, akalitazama kwenye jua tundu kwa tundu, kisha akalitazama tena. Nilimwuliza kwa nini anarudia. Akasema kwamba mama amemwambia ahesabu.